Tanga Juu, Tanga Chini: Kisa cha Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012

Jumatatu ya Februari 18, 2013, aliyekuwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Ufundi wa Tanzania, Dk. Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya mtihani wa kidato cha nne uliofanyika mwishoni mwa 2012, na nchi nzima ikashika tama. Daraja la kwanza 1,641. La pili 6,453. La tatu 15,426. La nne 103,327. Waliobaki, 240,903, sifuri. Kwa watahiniwa wa shule, waliofaulu walikuwa asilimia 34.5 tu, tena wengi wao kwa daraja la nne, lile ambalo vijana wenyewe wanasema ni sifuri iliyonyolewa ndevu. Ukihesabu wa daraja la kwanza hadi la tatu unapata 23,520, yaani watoto sita na ushee katika kila mia.

Baada ya hapo ikaja orodha. Miaka ile Baraza la Mitihani lilikuwa na desturi ya kutaja shule kumi za kwanza na kumi za mwisho, na redio zilikuwa zikisoma majina hayo kama zinavyosoma matokeo ya ligi. Kumi bora zilikuwa St. Francis ya wasichana (Mbeya), Marian Wavulana (Pwani), Feza Wavulana (Dar es Salaam), Marian Wasichana (Pwani), Rosmini (Tanga), Canossa (Dar es Salaam), Jude ya Moshono (Arusha), St. Mary's Mazinde Juu (Tanga), Anwarite (Kilimanjaro) na Kifungilo (Tanga). Kumi za mwisho: Mibuyuni (Lindi), Ndame (Unguja), Mamndimkongo (Pwani), Chitekete (Mtwara), Maendeleo (Dar es Salaam), Kwamndolwa (Tanga), Ungulu (Morogoro), Kikale (Pwani), Nkumba (Tanga) na Tongoni (Tanga).

Soma tena mabano. Watu wengi hatukuyasoma siku ile.

Maelezo yaliyoshika kasi vijiweni yalikuwa yale ya siku zote: watu wa Pwani na shule wapi na wapi. Ngoma, vigodoro, unyago, nazi zinaanguka zenyewe, samaki wapo baharini, mtoto akasome ili iweje? Orodha ya mwisho ilionekana kuwapa haki wenye maneno hayo, maana ukiondoa Ungulu ya Morogoro, zote zimefuata ukanda wa bahari kutoka Tanga hadi Mtwara, na Unguja juu yake. Lakini hebu hesabu na zile za juu. Tanga tatu, Pwani mbili, Dar es Salaam mbili. Saba kati ya kumi bora zilitoka mikoa mitatu, na mikoa hiyohiyo mitatu ndiyo iliyotoa sita kati ya kumi za mwisho. Tanga ilitoa tatu juu na tatu chini, sare kabisa. Kama ni hewa ya bahari inayoharibu watoto, basi ina macho: inamruka wa Rosmini ikamkute wa Tongoni.

Kwa hiyo kisa ninachotaka kukichambua si mkoa. Ni nani alikuwa amekaa ndani ya darasa la shule ya juu, nani ndani ya darasa la shule ya chini, na hizo namba zilikuwa zinapima nini hasa.

Nianze na namba zenyewe, maana hata hapo pana mtego. Siku moja baada ya matokeo nilikuwa kwenye duka la intaneti na mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyekuwa amemaliza katika shule moja ya kata ambayo sitaitaja. Tovuti ilikuwa imeelemewa, tukasubiri karibu saa nzima huku foleni ya vijana ikirefuka mlangoni. Ukurasa ulipofunguka haukuwa na majina, bali namba za mtihani, herufi ya jinsia, pointi, daraja, kisha masomo. Nikaitafuta namba yake kwa kidole kwenye kioo. Mstari ulisema: 34, 0, halafu CIV F, HIST F, GEO F, KISW D, ENGL F, BIO F, B/MATH F.

"Mjomba, nimepata pointi ngapi?"

"Thelathini na nne."

Akatulia kidogo. "Ni nyingi au chache?"

Sikumjibu papo hapo. Nililipa shilingi mia mbili tukachapisha ukurasa, tukatoka.

Hesabu ya madaraja ilikuwa hivi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, na unachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Pointi 34 na 35 ni sifuri. Mwenye F saba ana 35. Mwenye D moja na F sita ana 34, naye ni sifuri vilevile. Ili uvuke mstari unatakiwa uwe na D mbili au C moja. Kwa hiyo katika lile kundi la 240,903 walikuwamo waliokosa kila kitu na waliofaulu somo moja, wote wakaandikiwa yai. Mpwa wangu alikuwa amefaulu Kiswahili. Nchi inayojisifu kwa Kiswahili ikamwambia hana alichokijua.

Sasa tuulize walitoka wapi hawa wote.

Mwaka 2004 Serikali ilianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES. Wakati huo nchi ilikuwa na shule za sekondari 1,291, za serikali na za binafsi pamoja, zenye wanafunzi 432,599. Mwaka 2009 shule zilikuwa 4,102 na wanafunzi 1,466,402. Kasi ya ujenzi ilipanda zaidi Edward Lowassa alipokuwa Waziri Mkuu, agizo likiwa kila kata iwe na sekondari yake. Wananchi wakabeba mawe na mchanga, wakachangishwa fedha, wakafyatua tofali. Asiyechanga alimwona mgambo mlangoni, na kuku wake akaondoka naye. Lakini madarasa yalisimama. Mtu anayezicheka shule za kata leo akumbuke kwamba kabla yake mtoto wa kijijini aliyemaliza la saba alikuwa na njia mbili: jembe au kwenda mjini kufanya kazi za ndani.

Wanafunzi waliojiunga na kidato cha kwanza mwaka 2006 walikuwa takriban 243,000. Mwaka 2007 wakawa takriban 448,000. Karibu mara mbili, kwa mwaka mmoja. Walimu hawafyatuliwi kama tofali, kwa hiyo wahitimu wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundisha, mitaani wakaitwa vodafasta, au yeboyebo. Maabara hazikuwapo. Watoto walifanya karatasi mbadala ya vitendo, wakieleza kwa maneno rangi ya myeyusho ambao hawakuwahi kuuona ukibadilika.

Weka sasa ufaulu wa kidato cha nne pembeni ya mwaka ambao kila kundi liliingia sekondari. Waliofanya mtihani 2007 waliingia 2004: walifaulu karibu asilimia 90. Wa 2009 waliingia 2006: asilimia 72 hivi. Wa 2010 waliingia 2007, mwaka wa mlipuko: asilimia 50. Anguko lenyewe ni hilo, na lilitokea miaka miwili kabla ya kilio cha 2012. Mwaka 2012 ulikuwa ngazi nyingine chini katika ngazi zilezile. Na kundi la 2012, lililoingia 2009 likiwa na zaidi ya wanafunzi 520,000, lilipitia kidato cha pili wakati ambapo mtihani wake haumzuii mtu kuendelea. Chujio lilikuwa limetolewa, likarudishwa mwaka uleule wao walipokuwa wanamaliza.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema elimu iliporomoka. Wa 2007 waliofaulu kwa asilimia 90 walikuwa wachache waliochujwa na mtihani wa la saba, wakachujwa tena na uhaba wa nafasi, wakachujwa na ada, wakachujwa na kidato cha pili. Waliobaki walikuwa wale ambao ungewafungia ghalani na kitabu kimoja wangetoka na cheti. Wale wengine hawakuhesabiwa kwa sababu hawakuwapo. Sifuri za 2012 zilikuwa nchini miaka yote, ila hazikuwa na namba ya mtihani. MMES iliwapa dawati, sare na namba, na kwa mara ya kwanza tukawaona. Tulichokiona kilitutisha, tukadhani kimezaliwa jana.

Shule za serikali zenyewe hazikuwa sawa. Wenye alama za juu kabisa la saba walipelekwa shule za vipaji maalumu, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Kilakala, Msalato, Tabora Wasichana. Waliofuata wakapata nyingine za bweni. Wazazi wenye uwezo wakawahamishia watoto wao shule za mashirika ya dini na za watu binafsi, ambazo zina mtihani wao wa kuingia na kozi ya miezi kadhaa ya Kiingereza kabla ya kidato cha kwanza. Waliobaki baada ya mikono hiyo yote kupita kwenye sinia, ndio wa kata. Na huko juu kulikuwa na mchezo mwingine unaojulikana: anayeshindwa kufikisha wastani wa shule anakaririshwa darasa au anaambiwa mzazi wake atafute shule nyingine. Aghalabu hiyo nyingine ni ya kata. Mtoto mmoja anaondolewa kwenye hesabu ya shule ya juu, anaongezwa kwenye hesabu ya shule ya chini. Orodha inasogea pande mbili bila mwalimu yeyote kubadilisha namna anavyofundisha.

Nisiwe mvivu wa hoja, lakini. Uteuzi peke yake hautoshi kueleza, na ushahidi uko palepale kwenye orodha: hakuna hata shule moja ya vipaji maalumu iliyoingia kumi bora mwaka ule, wakati zilikuwa na watoto wenye alama za juu kuliko wote nchini. Walikuwa na vichwa, wakakosa mengine. Na upande wa pili, Jude ya Moshono inasomesha bila ada watoto wa familia maskini za Arusha, na wanafunzi wake walikuwa ndio kwanza wameanza kufika kidato cha nne. Inawapima akili kabla ya kuwachukua, hilo ni kweli, lakini haipimi mfuko wa baba. Mazinde Juu nayo ilianzishwa mwaka 1989 na padri Mbenediktini, Damian Milliken, kwa ajili ya mabinti wa milima ya Usambara waliokuwa hawana pa kwenda baada ya la saba. Kwa hiyo umaskini si hukumu, na kichwa kizuri si hati ya kusafiria. Swali ni siku ya mwanafunzi inaendaje tangu jogoo hadi taa kuzimwa.

Nimeshinda shule za aina zote mbili, moja nikifundisha na nyingine nikimtembelea mtoto wa ndugu, na tofauti niliyoiona kubwa kuliko vitabu ni saa. Bwenini kengele inalia alfajiri, kuna chai, kuna vipindi, kuna chakula cha mchana, kuna jioni ya kujisomea chini ya taa na mwalimu wa zamu anapitapita na fimbo mgongoni. Matroni anajua nani hajala. Shule ya kata ni ya kutwa. Niliyofundisha ilikuwa na watoto waliotembea saa moja na nusu asubuhi, wanafika viatu mkononi kwa sababu ya umande, na ikifika saa saba mchana nusu ya darasa wanasinzia kwa njaa. Nilijifunza kuweka hisabati mapema na kuacha uraia kwa mchana. Waliokaa mbali zaidi walipanga mageto, vyumba vya udongo karibu na shule, watoto wa miaka kumi na minne wanajipikia na kujilea. Mwisho wa wiki wanarudi nyumbani kuchukua unga. Wengine Jumatatu hawarudi.

Wasichana ndio wanaoonyesha jambo hili vizuri kuliko wote, na nashangaa kwamba halikusemwa sana. Katika kumi bora za 2012, shule sita zilikuwa za wasichana watupu: St. Francis, Marian Wasichana, Canossa, Mazinde Juu, Anwarite, Kifungilo. Ungedhani basi kitaifa mabinti walitamba. Lakini katika wale 1,641 wa daraja la kwanza, wasichana walikuwa 568 na wavulana 1,073. Mmoja kwa karibu wawili. Msichana huyuhuyu, mtihani huuhuu. Akiwa bwenini kwa masista anashinda wavulana, akiwa shule ya kutwa anaachwa nyuma. Muulize mpwa wangu alikuwa anafanya nini saa ambayo mwenzake wa Kifungilo anajisomea. Alikuwa kisimani. Akirudi, ungo. Akimaliza, mdogo wake mgongoni. Daftari aliligusa saa tatu usiku kwa kibatari, mafuta yakiwapo. Na akipata mimba njiani, miaka ile habari yake ya shule ilikuwa imekwisha. Ruhusa ya wasichana waliojifungua kurudi darasani ilikuja Novemba 2021.

Halafu kuna lugha. Miaka saba ya msingi mtoto amesoma kila kitu kwa Kiswahili. Januari ya kidato cha kwanza, baiolojia, jiografia, fizikia, vyote vinageuka Kiingereza kwa siku moja. Shule ya juu ilishamwandaa. Wa kata anakutana nacho ubaoni, mwalimu mwenyewe akikisoma kitabuni kisha anafafanua kwa Kiswahili kwa siri kama anayeuza gongo, maana mkaguzi hataki kusikia. Mtihani unapokuja, yale aliyoyaelewa kwa Kiswahili hana pa kuyaandikia. Habari iliyochekesha watu mwaka ule ilikuwa ya watahiniwa walioandika mistari ya bongo fleva na matusi kwenye karatasi za majibu. Tuliwaona wahuni. Mimi nikawaza: mtoto amekaa saa tatu mbele ya karatasi asiyoielewa hata swali, anaruhusiwa kuondoka na heshima gani? Aliandika alichokuwa nacho.

Kejeli yenyewe iko Tanga. Wajerumani walipoamua kufungua shule ya kwanza ya serikali katika koloni lao la Afrika Mashariki, miaka ya 1890, waliifungua Tanga mjini. Ilifundisha kwa Kiswahili, ikatoa makarani na maakida walioendesha ofisi hadi bara kabisa. Ukanda huu unaosemwa haupendi shule ndio uliokuwa ukisambaza wasomi kabla ya wengine wengi. Tongoni yenyewe, kwenye barabara ya Pangani, ina magofu ya msikiti wa karne ya 15 na makaburi ya nguzo, mji wa watu waliokuwa wakiandika na kuhesabu biashara zao za ng'ambo kabla Tanga haijawa jiji la kuzungumziwa. Watoto wa hapo wana Kiswahili cha kunyonya. Katika nchi ambayo ingewapima kwa lugha hiyo, wangeanza mbio mita hamsini mbele. Sera ya elimu ya 2014 iliahidi kitu cha namna hiyo. Toleo la 2023 likarudisha Kiingereza mahali pake sekondari.

Turudi kwenye kile kilichotokea baada ya Februari. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Mei 3, 2013, William Lukuvi, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Waziri Mkuu, alisimama bungeni Dodoma akasema Serikali imefuta matokeo na yapangwe upya. Sababu ya haraka iliyotajwa ilikuwa rula. Kabla ya hapo Baraza la Mitihani lilikuwa likisogeza mipaka ya alama kulingana na hali ya mtihani wa mwaka husika. Mwaka 2012 likatumia mipaka isiyosogea, F ikiishia 34 na D ikianzia 35, bila shule kujulishwa na kujiandaa. Yakapangwa kwa utaratibu wa 2011. Mwishoni mwa Mei matokeo mapya yakatoka: ufaulu asilimia 43 hivi. Watoto zaidi ya 30,000 walilala wamefeli wakaamka wamefaulu.

Mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Uraia ilikuwa imegeuka D. Pointi 33, daraja la nne. Nilimpigia simu, akacheka, akauliza tena swali lake: "Sasa mjomba hizi ni nyingi au chache?" Hakuwa amefungua kitabu tangu Oktoba. Karatasi zake za majibu hazikuongezwa nukta.

Siilaumu tume. Watoto hawa walionewa, na mtu aliyeonewa hurudishiwa. Lakini tazama kilichofuata. Oktoba 2013 mipaka ikabadilishwa tena, A ikashuka hadi 75, ikazaliwa B+ na E, F ikasukumwa chini ya 20. Ukazuka mjadala wa daraja la tano kuchukua nafasi ya sifuri, likakataliwa. Kisha madaraja yakaachwa, ikaja wastani wa pointi kama wa chuo kikuu. Mwanzoni mwa 2016 hiyo nayo ikatupwa, madaraja yakarudi, kwa agizo la waziri mpya, Profesa Joyce Ndalichako, ambaye ndiye aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani wakati wa matokeo yale ya 2012. Ufaulu wa 2013 ukawa karibu asilimia 58, wa 2014 karibu asilimia 70. Tulibishana kwa miaka mitatu juu ya upana wa rula, na wakati huo wote mwanafunzi wa kutwa alikuwa bado anatembea saa moja na nusu, bado hana chakula cha mchana.

Nikiri kwamba si kila kitu kilikuwa rula. Ujenzi wa maabara tatu kila shule ya kata uliosukumwa na Rais Kikwete mwaka 2014 uliumiza mifuko ya watu lakini meza za maabara zipo. Ada ya 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa ilifutwa kuanzia Januari 2016. Na Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, pamoja na kelele zake na shule kupakwa rangi ya kijani, njano na nyekundu kwenye karatasi kulingana na ufaulu wake, ulikuwa na wazo moja ambalo kwangu lilifaa kuliko mengine yote: kuizawadia shule iliyopiga hatua kubwa kuliko yenyewe ya mwaka jana. Hapo shule ya kata inaweza kushinda. Mwalimu aliyewapokea watoto hawajui sentensi ya Kiingereza akawatoa nusu yao na D tatu tatu amefanya kazi kubwa kuliko aliyepokea waliokwisha kuchujwa akawatoa na A, lakini orodha ya kumi bora haikuwa na safu ya kumwandika.

Orodha yenyewe imekufa. Januari 2023, akitangaza matokeo ya kidato cha nne cha 2022, kiongozi wa Baraza la Mitihani, Athumani Amasi, alisema hawatataja tena shule bora wala wanafunzi bora, kwa kuwa shule hazishindani katika mazingira sawa na kuzitaja ni kama kuzifanyia matangazo ya biashara. Miaka kumi baada ya Tongoni kusomwa redioni. Wazazi hawakukubali kirahisi. Saa mbili baada ya matokeo kuna watu wameshaingia kwenye tovuti, wamepanga shule kwa wastani na kutuma kwenye makundi ya WhatsApp, safari hii bila hata mabano ya mikoa.

Mwaka jana mpwa wangu alikuja nyumbani Idi, akakuta nimetoa faili la zamani mezani. Ndani mna karatasi zake mbili, ya Februari na ya Mei, namba ileile, herufi F ileile ya jinsia, moja 34 na nyingine 33. Mwanawe wa kwanza yuko la pili. Alizishika moja kila mkono, akazilinganisha, akauliza kama ninazihitaji tena, nikasema hapana. Akaikunja ile ya Mei akaitia kwenye mkoba. Ya Februari akairudisha mezani, akaenda jikoni kumsaidia shangazi yake kukuna nazi.